Fimbo ya Yakubu na Uzi wa Malimu Bwanakai

Zama zile Mreno alipokuwa akidai kodi kwa mdomo wa mzinga, kuanzia Sofala mpaka Barawa, palikuwa na mji wa mawe uitwao Sendeni, juu ya kisiwa chembamba kilichofichwa na mikoko pande tatu. Usihangaike kuutafuta leo. Mji huo ulitawaliwa na mwanamke, Mwana Mize, mtu mfupi wa kimo na mrefu wa kiburi. Wareno walipompelekea bendera yao aipandishe juu ya ngome, alikaa nayo juma zima, kisha akairudisha imefuliwa na kukunjwa vizuri, pamoja na salamu kwamba nguo ile ni nzito mno kwa joto la Sendeni. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kicheko kilikatika siku merikebu tatu zilipotia nanga kwenye mlango wa bahari, zikaziba njia, zikakaa.

Habari zilimkuta Shekuwe wa Bwanakai akiwa Barawa. Yeye alikuwa malimu, yaani mwongoza chombo kwa nyota, na alikuwa ametumwa kaskazini kununua baruti kabla hata Wareno hawajaja, maana Mwana Mize hakuwa mjinga. Alijua bendera aliyoirudisha itarudi na wenyewe. Msafiri aliyetoka kusini kwa miguu, ngozi ya nyayo imemtoka, ndiye aliyemwambia. Mji umefungwa, alisema. Visima vimeanza kuingia chumvi. Baruti ya ngomeni imebaki kidogo, na siku itakapokwisha Mreno atapanda ukuta kama apandavyo ngazi ya nyumba yake. Shekuwe alimwuliza habari za mkewe, Mwana Kheri, na binti yao Sanura. Yule mtu alisema aliwaona wakiwa hai siku alipotoka, wakiteka maji. Zaidi ya hapo hakujua, na Shekuwe hakumsumbua tena.

Akakata shauri papo hapo. Pwani yote ilikuwa ikichungwa na mashua za Wareno, kwa hiyo njia ilikuwa moja tu: kutoka nje kabisa, bahari kuu, mahali pasipoonekana nchi, kusukumwa na kaskazi hadi usawa wa Sendeni, kisha kugeuza omo, mbele ya chombo, kuelekea magharibi na kuingia. Nyepesi kuisema. Kaskazi ilikuwa ikivuma kwa nguvu zake zote, na mkondo wa maji ukienda nayo. Chombo kikiupita usawa wa Sendeni, hata kwa mwendo wa asubuhi moja, hakiwezi kurudi nyuma mpaka msimu ugeuke, na msimu ukigeuka hapatakuwa na mji wa kurudia. Shekuwe aliyajua hayo kama ajuavyo jina lake. Hakuwahi kuongoza chombo bahari kuu peke yake; siku zote alikuwa nyuma ya baba yake. Sasa baba alikuwa kaburini mwaka wa pili, na kilichobaki ni uzi wake.

Huo uzi nitaueleza, maana kisa chote kinaning'inia hapo. Ulikuwa uzi wa katani uliopitishwa katika tundu la kibao cha msaji, kibao chenyewe ukubwa wa kiganja. Juu ya uzi palikuwa na mafundo, kila mji na fundo lake. Malimu huuma fundo la mji anaouendea, huunyoosha uzi, na kukiweka kibao mbele ya jicho hadi ukingo wa chini ulale juu ya upeo wa bahari. Nyota ikikaa sawasawa kwenye ukingo wa juu, umefika usawa wa mji huo. Nyota zao zilikuwa mbili za kaskazini ziitwazo Farkadi, zishukazo kidogo kidogo kadiri chombo kiendavyo kusini, na zilipimwa alfajiri, wakati nyota bado inaonekana na upeo wa bahari umeshapambazuka. Na malimu wa Sendeni walikuwa na desturi yao ambayo hutaikuta kwingine: walipopima walijifunika mdomo kwa ncha ya kilemba, wakisema si adabu kuipumulia nyota. Shekuwe alimwona baba yake akipima mara zisizo na hesabu, na kila mara ule mdomo ulikuwa nyuma ya kitambaa.

Chombo kilikuwa mtepe, umeshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, na tanga lake la mkeka. Nahodha wake alikuwa Lali, mzee mkavu mwenye sikio moja, kwani la pili lilibaki kwenye upanga wa Mreno siku mji wa ndugu zake ulipochomwa. Tangu siku ile Lali alikuwa haoni msalaba akanyamaza. Hata kamba mbili zikikingamana sitahani alizipiga teke.

Na sasa ndani ya chombo hicho hicho alikuwamo Yosti. Huyu alikuwa Mfaranji, mwenye ndevu za rangi ya kutu, fundi wa mizinga, mzaliwa wa nchi ya Wajerumani ambayo watu wa pwani zama hizo hawakuijua hata kwa jina. Alikuwa ameajiriwa na Wareno, na merikebu yao ilipopasuka juu ya mwamba wa Sendeni, mabwana wale walichukua mashua wakaenda zao, wakawaacha mafundi wa mizinga waoshwe na mawimbi. Waliomwopoa ni wavuvi wa Sendeni. Tangu hapo akaishi mjini nusu mateka nusu mgeni, akajifunza lugha, akatengeneza makufuli ya jumba la Mwana Mize na mizinga miwili mikuukuu ya ngomeni. Alitumwa pamoja na Shekuwe kwa sababu baruti aliijua kwa kuionja. Huweka punje ulimini, hufumba macho, hutema, kisha husema nunua au usinunue.

Wakapakia baruti na mtama, wakatoka Barawa jua limepanda, wakaiacha nchi hadi ikamezwa. Mabaharia walifanya kazi kimya kimya. Kila mmoja alikuwa na mtu wake Sendeni.

Zogo lilizuka alfajiri ya kwanza ya bahari kuu. Shekuwe alikuwa tezini, nyuma kabisa ya chombo, amejifunika mdomo, uzi mkononi, aliposikia kishindo na sauti ya Lali. Yosti alikuwa amesimama omoni na fimbo ndefu kiasi cha mkono, imechanjwa alama ubavuni, na juu yake kijiti kilichokingama, kinachoteleza mbele na nyuma. Alikuwa ameiegemeza shavuni, jicho moja amelifumba. Lali hakuona chombo cha kupimia. Aliona msalaba, umeinuliwa mbinguni, ndani ya mtepe wake, na damu ikamchemka. Alimnyang'anya ile fimbo na tayari alikuwa ameunyoosha mkono nje ya ubavu wa chombo, Shekuwe alipomfikia na kumshika kiwiko.

"Ami Lali, ngoja kwanza tujue ni kitu gani."

Lali alisema yeye anajua ni kitu gani, sikio lake linajua vizuri zaidi, na kama Mfaranji anataka kuomba miungu yake basi akaombee majini. Mabaharia wakasogea. Shekuwe aliona jinsi wanavyomwangalia Yosti, akatambua kwamba fimbo ikienda baharini mwenyewe ataifuata. Akamwuliza Yosti upesi kitu kile kinaitwaje kwao, akitumaini jina lolote lisilofanana na msalaba.

Yosti alisema kinaitwa Yakobstab. Watu wa kwetu, alieleza, hupenda kushona maneno mawili yakawa moja kama mnavyoshona mbao za mtepe. La kwanza ni jina la mtu, Yakobo, ambaye ninyi mnamwita Yakubu. La pili ni fimbo. Fimbo ya Yakubu.

Wallahi, Shekuwe aliona mlango umefunguka. Fimbo ya Nabii Yakubu! Nani angeitupa? Akageuka kwa Lali, uso umemng'aa, akasema umesikia mwenyewe, ami, jina la nabii. Lakini Lali hakuwa mtu wa kulambishwa asali. Akauliza, kwa ile sauti yake ya kukwaruza, ni lini Yakubu alipanda chombo. Yeye ajuavyo, nabii yule alikuwa mchunga kondoo, na alimlilia mwanawe Yusufu mpaka macho yakapofuka. Sasa kipofu alipimaje nyota?

Baharia mmoja akacheka, akajizuia. Shekuwe alimkazia macho Yosti, akimwomba kwa kila kitu isipokuwa ulimi: sema neno moja tu, sema ni ya nabii, tuendelee na safari. Yosti alimwelewa kabisa. Akakuna ndevu zake. Kisha akasema.

"Nahodha, sijui. Kwetu kuna wasemao ni yule Yakobo wa zamani, mchunga, kwa kuwa alivuka mto akiwa hana mali ila fimbo yake. Wengine wasema ni Yakobo mwingine, mtu wa dini yetu, ambaye mahujaji humwendea mwisho wa nchi, magharibi, nao hutembea na fimbo ndefu. Bibi yangu alikuwa mkulima, yeye alisema ni zile nyota tatu zilizopangana mstari, tunaziita hivyo hivyo, fimbo ya Yakobo, na mabaharia waliiba jina kwa wakulima. Nimeuliza tangu utotoni. Kila mtu ana hakika, na hakuna wawili wanaokubaliana."

Shekuwe alitamani kumziba mdomo kwa kiganja. Lahaula! Mtu yuko kwenye ukingo wa kifo, amerushiwa kamba, naye anaanza kuikagua kamba uzi mmoja mmoja. Mabaharia wakaanza kunung'unika. Huyo Yakobo wa pili, wa mahujaji, ndiye aliyewaudhi, maana alinuka kanisa.

Lali ndiye asiyenung'unika. Alikuwa ameirudisha fimbo ndani ya chombo, anaigeuzageuza, anapapasa zile alama kwa kidole gumba. Halafu akamrushia Yosti fimbo yake, si kwa upole, akasema maneno ambayo Shekuwe aliyakumbuka hadi uzeeni.

"Mimi nimedanganywa na Wareno mara nyingi. Mreno ukimwuliza kitu anakupa jibu moja, limenyooka, na kapaka mafuta juu. Huyu angetaka kutuzamisha, jibu alikuwa nalo mdomoni, nabii mzima, akalitema. Mwacheni apime."

Akaondoka kwenda kulikagua tanga, na njiani akaongeza kwamba hata hivyo ile fimbo isisogezwe karibu na chakula chake.

Basi wakaenda. Kaskazi iliwasukuma, mtepe ukilia kamba zake zote, na kila alfajiri walipima wawili: Shekuwe tezini na uzi wa baba yake, Yosti omoni na fimbo ya Yakubu asiyejulikana. Yosti alisema alikwisha kupima Farkadi mara nyingi akiwa ufukweni Sendeni, hana kazi, anahesabu siku za utumwa wake, na akakata alama mahali kile kijiti kinaposimama. Alikuwa akingoja kijiti kirudi kwenye alama hiyo. Shekuwe alikuwa akingoja fundo. Hawakugombana, kwa kuwa wote wawili walikuwa bado mbali.

Siku ya kugombana ikafika. Ilikuwa alfajiri safi, upeo umenyooka, na Yosti alikuja tezini mbio mbio, akasema kijiti kimekaa juu ya alama. Wamefika usawa wa Sendeni. Geuza magharibi sasa hivi. Shekuwe alikuwa ndiyo kwanza ameshusha uzi. Fundo la Sendeni lilimwambia bado: nyota zilisimama juu ya ukingo wa kibao kwa unene wa kidole, na mpaka zishuke zilale pale ukingoni, ilikuwa safari ya siku nzima mbele, kusini.

Mabaharia waliacha kazi. Lali akaja, akawasikiliza wote wawili, akatazama tanga, akatazama maji. Safari hii hakumfichia Shekuwe moyo wake. Fimbo, alisema, ni kitu cha kigeni, na mwenyewe amekiri hata jina lake halijulikani lilikotoka. Uzi ni wa Malimu Bwanakai, ambaye hakuwahi kupoteza chombo isipokuwa mara moja, na ile haikuwa kosa lake. Lakini wewe ndiye malimu. Sema.

Kwa Shekuwe, kuukataa uzi ilikuwa kama kusema mbele ya watu kwamba baba yake hakujua kazi. Na kuukubali, kama umekosea, ilikuwa kuwapita Mwana Kheri na Sanura na kuwaacha na Wareno. Alimkasirikia Yosti kwa utulivu wake. Alimkasirikia baba yake kwa kufa. Akaushika uzi kwa mikono miwili, akaanza kuukagua fundo kwa fundo, maana hakuwa na lingine la kufanya, na mwanga ulikuwa ukiongezeka.

Hapo ndipo alipouona wekundu. Si mafundo yaliyokuwa mekundu. Ilikuwa ile sehemu ya uzi kati ya fundo na kibao, urefu wa pingili mbili za kidole, imetafunwa na kuloa rangi ya tambuu, na baada ya pingili mbili uzi ulikuwa safi. Akaangalia fundo la Barawa. Vivyo hivyo. La Mvita, vivyo hivyo. Kila fundo lilikuwa na pingili zake mbili nyekundu mbele yake. Ina maana fundo halikuumwa kwa meno ya mbele. Liliingia ndani, kwenye magego, na uzi ukapita kwenye shavu lililojaa tambuu.

Na Shekuwe akaona meno ya baba yake. Hayo alikuwa akiyajua siku zote. Watoto wote wa Sendeni waliyajua. Ile mara moja chombo kilipopotea, foromali, ule mti unaobeba tanga, ilikatika ikamwangukia Malimu Bwanakai usoni, ikaondoka na meno yote ya mbele, na uzi wa zamani ukazama. Mzee alirudi na pengo ambalo wajukuu walilichungulia kama pango. Akajitengenezea uzi mpya. Aliufunga kwa mdomo aliokuwa nao. Na kwa kuwa desturi ya mji ilitaka malimu ajifunike, hakuna mtu duniani aliyepata kuona anauma wapi, hata mwanawe aliyesimama bega kwa bega naye.

Kibao kikiwa karibu na uso huonekana kikubwa, kikisogea mbali huonekana kidogo. Shekuwe, kijana mwenye meno yake yote, alikuwa akikishika kibao mbali kuliko baba yake, kwa zile pingili mbili, na kibao kidogo kilihitaji nyota zishuke zaidi. Angezingoja zishuke. Angeipita Sendeni akiwa na imani kamili.

Nyota zilikuwa zinafifia. Aliruka juu ya ubao wa tezi, akauvuta uzi ndani ya kinywa, akalisukuma fundo kwa ulimi mpaka kwenye magego, na bila kujua anafanya nini akaling'oa lile kunjo la kilemba lililomfunika mdomo, kwa kuwa lilimzuia. Mabaharia waliguna. Malimu wa Sendeni mdomo wazi mbele ya nyota! Akanyoosha uzi. Ukingo wa chini ukalala juu ya bahari. Farkadi mbili, hafifu kabisa, zilikaa juu ya ukingo wa juu kana kwamba zimepangwa hapo. Alizitazama mpaka mwanga ukazifuta.

Alipouachia uzi, mate mekundu ya tambuu la mzee wake yalikuwa yamemkolea ulimini, na machozi yalikuwa yakimtoka bila aibu yoyote. Akawageukia wenzake.

"Uzi haukukosea, na baba hakukosea. Mimi nimeusoma kwa meno yasiyo yake. Ami Lali, geuza magharibi."

Lali alimtazama mdomoni, akautazama uzi, na taratibu akaelewa. Akatoa sauti ambayo ingeweza kuwa kicheko. Alisema Bwanakai alikuwa na haya kama bi harusi, na haya zake zilikaribia kuwatia kwenye tumbo la bahari wote. Kisha akapaza amri, foromali ikazungushwa, na mtepe ukageuza omo.

Waliiona nchi kesho yake asubuhi. Mbele, upande wa kushoto kidogo, ilionekana nguzo nyeupe ya kaburi la wafalme wa Sendeni, na zaidi yake milingoti mitatu ya Wareno. Walikuwa wamefika kaskazini ya mji kwa upana wa ghuba, upepo nyuma yao. Palikuwa na mfereji wa nyuma, ndani ya mikoko, unaopitika wakati wa bamvua tu, maji yanapojaa sana, nao Wareno hawakuuweka maanani kwa kuwa merikebu isingeingia. Waliweka mashua moja tu ya doria.

Mashua hiyo iliwakuta mlangoni mwa mfereji. Wareno walikuwa wamevaa vifua vya chuma na kushika bunduki za utambi. Watu wa mtepe walikuwa na pinde, ngao za ngozi ya kifaru na majambia. Risasi za kwanza zilimpata Shekuwe pajani akiwa ameshika usukani, naye hakuuachia, aliulalia. Lali aliwaamuru wapige mishale watu wa makasia kwanza, wenye vyuma waachwe. Mashua ikapoteza mwendo, ikakaa kiubavu. Hapo Yosti akawasha utambi wa chungu kidogo cha baruti alichokuwa amekitengeneza njiani, akakitazama kiungue mpaka watu wakaanza kumpigia kelele, ndipo akakirusha. Kilitua katikati ya mashua. Mtepe ukapita kando ya vipande vyake, ukaparamia mikoko, ukaingia.

Ukutani walikuwapo wanawake, wengine wameshika mikuki. Shekuwe alishushwa juu ya mlango wa mbao akiwa amelala, na wa kwanza kumfikia alikuwa Sanura, amekonda, midomo imepasuka kwa chumvi ya visima. Mwana Kheri alikuja nyuma yake. Alimpapasa mumewe uso mzima kama mtu anayetafuta kitu gizani.

Yaliyofuata Shekuwe aliyasikia kwa masikio tu, akiwa kitandani na homa ya jeraha. Alisikia mizinga miwili ya ngomeni, iliyokaa kimya muda mrefu, ikiamka. Aliambiwa Yosti hakulala, anakula hapo hapo kwenye gurudumu la mzinga, na kwamba Lali ndiye anayempelekea chakula kwa mkono wake, huku akimtukana. Alisikia shangwe siku mlingoti wa merikebu kubwa ulipokatika. Na siku Wareno walipong'oa nanga kwenda kutafuta mji mwingine wa kuuonea, alisikia mzinga wao wa mwisho, uliopigwa kwa hasira tu, walipokuwa tayari wameupa mji mgongo. Tufe hilo liligonga ukuta, na jiwe la ukuta likamgonga Yosti. Alikuwa amekaa, anasafisha mikono.

Walimzika kwa heshima nje kidogo ya makaburi ya mji, na Mwana Mize akaamuru achongewe jiwe la matumbawe kama mwungwana. Mchonga mawe akauliza jina la maiti. Lali hakuwapo, alikuwa amejifungia, hataki kuonwa na mtu. Waliokuwapo walitazamana. Wao walimwita Mfaranji, siku zote. Lakini mabaharia walikuwa wameshaisimulia mji mzima ile habari ya fimbo, na mmoja akasema si yule wa fimbo ya Yakubu? Mchongaji akashika patasi. Alikuwa fundi hodari, na herufi alizichimba ndani sana: YAKUBU.

Shekuwe alipoweza kutembea kwa mkongojo, alikwenda kuzuru kaburi, akasoma, akasimama kama aliyepigwa kofi. Akatoa jambia lake. Lali, aliyekuwa naye, alimwambia aliache, marehemu hajali, na hata hivyo ni jina la nabii. Shekuwe akamjibu kwamba Yosti alipewa jina hilo mara moja, bure, wakati lingemwokoa, akalikataa kwa sababu halikuwa kweli. Nani sasa atamlazimisha alichukue? Lali akaketi chini akalishikilia jiwe lisitikisike, na Shekuwe akachonga chini ya lile jina kubwa, kwa herufi zilizopinda za mtu asiye fundi: Yosti.

Tangu mwaka ule malimu wa Sendeni waliacha kujifunika mdomo. Na malimu alipokufa, uzi wake ulizikwa naye. Mwanafunzi alifunga mafundo yake mwenyewe, kwa meno yake mwenyewe. Wa kwanza kufundishwa hivyo alikuwa Sanura, na kama kulikuwa na watu waliosema hiyo si kazi ya mwanamke, walisema wakiwa mbali na baba yake.

Mvua na upepo wa bahari vilikula jiwe. Herufi za Shekuwe zilikuwa nyepesi, zikatoweka kwanza. Za fundi zilibaki. Shekuwe alipokuwa mzee, watu walikuwa wakisimulia habari za Shekhe Yakubu, mtu mweupe wa kizazi cha nabii, aliyekuja kuiokoa Sendeni na fimbo ya babu yake. Wanawake walianza kupeleka ubani kaburini. Siku moja wajukuu wake walikuwa wakihadithiana mbele yake, kila mmoja na hakika yake, ndipo mzee akagonga mkongojo sakafuni wakanyamaza.

"Aliitwa Yosti," alisema. "Na jina la fimbo yake hakujua lilitoka wapi. Alituambia hivyo mwenyewe, kifo kikiwa mbele yake, na ndiyo maana tulimwamini tukafika."

Wajukuu wakaitika kwa adabu. Alipotoka nje wakaendelea na habari za Shekhe Yakubu.